Karatasi Ndogo Chini ya Kontena

Mimi nauza dagaa. Wiki za giza natoka nyumbani, mtaa wa Mwanga hapa Kigoma, saa kumi na moja alfajiri kuwahi mitumbwi mwaloni Kibirizi, na mwanangu namwacha amelala. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, nami nashinda nyumbani. Kwa hiyo tangu aanze darasa la kwanza, zipo wiki mtoto huyu alikuwa anakwenda shule bila kuniona. Bibi yake ndiye humwamsha na kumpakilia muhogo au viazi vitamu kwenye kontena la chakula. Mimi, usiku kabla ya kulala, nikaanza kumwachia karatasi ya kwenda nayo pamoja na chakula.

Ya kwanza niliikosea. Niliandika: "Soma kwa bidii mwanangu, uwe wa kwanza." Mtoto ndiyo kwanza anajifunza silabi, ikabidi aipeleke kwa mwalimu amsomee. Jioni akaniuliza, "Mama, na nikiwa wa tatu?" Hapo nikaelewa kwamba nilimtumia deni. Mtoto anafungua chakula chake wakati wa mapumziko, labda hesabu za asubuhi zimemshinda, halafu anamkuta mama naye anadai.

Tangu siku hiyo siandiki ninachokitaka kwake. Naandika nilichomwona akifanya. "Jana ulisoma safi." "Ulirudia herufi g mpaka ikakaa kwenye mstari, nilikuona." "Ulimpa mdogo wako kipande kikubwa." Hilo neno nilikuona msilidharau. Mtoto ambaye mama yake hayupo asubuhi anahitaji kujua kwamba jana jioni, hata kama mama alikuwa amechoka na ananuka dagaa, macho yake yalikuwa kwake.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, waliwasifu watoto wa darasa la tano kwa namna mbili. Wengine waliambiwa wana akili, wengine waliambiwa wamejitahidi. Walipopewa maswali magumu wakashindwa, wale waliosifiwa akili ndio waliokata tamaa upesi. Basi "wewe una akili sana" nimeiondoa kabisa kwenye karatasi zangu, ingawa mdomoni bado hunitoka nikifurahi.

Kwa mtoto wa darasa la kwanza, chagueni maneno yenye silabi nyepesi. "Jana ulisoma safi" anaisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, na ile furaha ya kuisoma ni nusu ya zawadi. "Nimefurahishwa na mwenendo wako" itamrudisha kwa mwalimu. Silabi za mb, nd, ny na ng' ziongezeni kadiri anavyozifikia darasani.

Sasa niseme kosa langu kubwa, kwa sababu sipendi mzazi mwingine alirudie. Akiwa darasa la pili alikuwa bado anakojoa kitandani, na ilikuwa inamuumiza. Siku moja nikaandika, kwa mapenzi kabisa, kwamba hata akikojoa mama hakasiriki. Mwenzake akaidaka ile karatasi, akaisoma kwa sauti. Mwanangu hakuniambia. Siku tatu mfululizo kontena lilirudi limejaa, nikadhani anaumwa, mpaka mwalimu aliponieleza. Nilimwomba mtoto msamaha, nikiwa nimekaa chini naye ukumbini, na nikamwahidi. Siri ya mtoto haiandikwi. Kama kuna jambo la aibu au la hofu, msubiri jioni umwambie sikioni. Kabla sijakunja karatasi sasa najiuliza, hii ikisomwa mbele ya darasa zima, mwanangu atainua uso au atainamisha?

Mambo ya kuzingatia ni machache. Andikeni kwa penseli, maana wino wa makapeni huchuja ukipata mvuke. Msiiweke ndani pamoja na chakula. Nyumba inayopika kwa mawese inajua karatasi ikigusa yale mafuta inakuwaje. Mfuko wa plastiki hauhitajiki, na mifuko ile ya kubebea ilishapigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Naikunja mara mbili, naiweka kati ya kontena na kitambaa. Karatasi yenyewe ni kurasa zilizobaki kwenye madaftari ya mwaka uliopita. Na muhogo ongezeni vipande viwili. Darasani wapo waliokuja mikono mitupu, na mtoto aliyetoka kusoma neno zuri hugawa kwa moyo mweupe.

Wazazi wengine huniambia hawajui kuandika vizuri. Mama yangu mzazi ni mtu wa Ujiji, herufi za shuleni hakuzisoma, lakini chuoni, yaani madrasa, kwa maalimu alisoma akahitimu. Nilipolazwa wiki nzima, yeye alishika penseli akaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, neno moja tu: samaki. Chini yake akachora mgebuka, samaki wa ziwa letu. Mjukuu naye anakwenda madrasa jioni, kwa hiyo alisoma sini, mimu, kafu, akalipata lile neno. Wenzake walimzunguka kutaka kujua ni maandishi gani yale. Karatasi hiyo haikutupwa mpaka leo, imo kwenye juzuu yake. Asiyejua hata hizo achore. Mtoto anaujua mkono wa mtu wake.

Sasa yuko darasa la tano. Mwaka huu aliniomba nisiiweke tena juu ya kontena, wenzake watamwona bado ni mtoto mdogo. Nikamuuliza kama niache. Akasema, "Hapana mama, iweke chini ya kontena." Ndiko ninakoiweka. Na wiki za mbalamwezi, ninapokuwa nyumbani, hataki karatasi kabisa. Anasimama mlangoni na begi mgongoni akisubiri nimwambie kwa mdomo.