Mfupa Unapopindwa, Ufa Huanzia Wapi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya Barabara ya Kilwa, hapa Mbagala, gari likamgonga mguuni kwa bampa na kumvunja muundi. Picha ya eksirei inaonyesha kipande cha pembetatu kilichobanduka upande ule ule uliogongwa, na jirani yetu anashikilia kuwa hiyo ni dalili kwamba aligongwa mara mbili. Mwanangu wa miaka 7 naye alianguka kutoka mwembeni, mkono ukapinda, lakini tuliambiwa mfupa haukukatika wote, na kwamba arudi kupigwa picha baada ya wiki moja. Kwa nini mifupa hii imevunjika tofauti?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba. Jirani yenu amekosea, kwani pigo moja linatosha kabisa kubandua kipande cha namna hiyo.

Bampa liliusukuma muundi huku unyayo ukiwa umeshikwa na ardhi na goti likiwa limeelemewa na mwili, kwa hiyo mfupa ulipindwa: upande uliogongwa ukagandamizwa, na upande wa pili ukatuna na kuvutwa. Mfupa mgumu wa mtu mzima, nguvu ikielekea kwa urefu wake, huhimili mgandamizo wa takriban megapaskali 200 (kipimo cha nguvu juu ya eneo), lakini mvuto wa takriban 130 tu, na ndiyo sababu ufa huanzia upande unaovutwa, yaani upande ambao gari halikuugusa. Ufa huo hukata mfupa kwa kukingama mpaka ufike eneo linalogandamizwa, ambako kingo zake husukumwa pamoja zisiweze kuachana. Hapo hugeukia mshazari, ukifuata njia ambayo sehemu moja ya mfupa inaweza kuteleza juu ya nyingine, kwa kuwa mteleziko wa namna hiyo mfupa huuhimili kwa shida zaidi, karibu megapaskali 70. Ufa ukigawanyika njia mbili, huacha pembetatu ambayo kitako chake kipana kiko upande uliogongwa. Kwa mtu aliyesimama, uzito wa mwili huongeza mgandamizo, na pembetatu huwa rahisi zaidi kutokea.

Wachunguzi wa ajali huitumia alama hii kukisia pigo lilitoka upande gani. Mimi nisingependa itegemewe peke yake mbele ya hakimu, maana mguu uliosokotwa kidogo wakati wa kupindwa hubadilisha njia ya ufa, na msokoto mtupu huufanya ufa uuzunguke mfupa mzima.

Pengine mtashangaa kwamba mfupa wenye uwazi ndani unaweza kuhimili mengi hivyo. Mfupa unapopindwa, mkazo mkubwa huwa kwenye kingo za nje na katikati karibu hakuna, kwa hiyo mfupa mgumu umewekwa pale unapohitajika. Mwanasayansi wa Italia, Galileo, aliliandika jambo hili la mifupa yenye uwazi tangu mwaka 1638. Misuli nayo husaidia, kwa kuwa ikikazwa hupunguza mvuto upande uliotuna, msaada ambao mtu aliyegongwa kwa ghafla haupati.

Kuhusu mtoto, mfupa wake una madini machache kuliko wa mtu mzima, na ngozi inayoufunika mfupa wenyewe ni nene na imara. Hupinda sana kabla ya kuachia, kisha hupasuka upande unaovutwa na kubaki umeshikana upande wa pili, kama kijiti kibichi kinavyofanya kikikunjwa. Msiuchukulie kuwa mvunjiko mdogo, wala msijaribu kuunyoosha mkono huo nyumbani. Upande uliobaki mzima huwa umeshapinda, na unaweza kuurudisha mkono kwenye upinde wake hata ukiwa ndani ya plasta; hilo ndilo linalotazamwa katika picha ya wiki ijayo, na wakati mwingine daktari hulazimika kuumalizia mfupa kuuvunja, mtoto akiwa amepewa dawa ya usingizi, ili ukae sawa.