Makabaila wa Ufaransa walitulizwaje?

SWALI: Mhariri, salaam. Nimesoma kwamba mfalme Louis wa 14 aliwamaliza nguvu makabaila kwa kuwakusanya kwenye jumba lake la Versailles wale, wanywe na kucheza dansi. Mi haniingii akilini, mtu ana ngome na askari wake anakubalije?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Una haki kabisa ya kushangaa, maana Versailles inakumbukwa kwa uzuri wake tu ila kazi ilishaanza zamani. Hizo ngome, Kadinali Richelieu, waziri wa baba yake Louis, aliamuru 1626 zile zisizokuwa mpakani zibomolewe, na mwaka uliofuata Montmorency-Bouteville, mtoto wa ukoo mkubwa haswa, akakatwa kichwa kwa kupigana panga mchana kweupe Paris wakati mfalme ameshakataza.

Halafu Louis mwenyewe aliyaona. Makabaila na mahakimu wa Paris walipoasi, 1648 hadi 1653, yeye alikuwa bado mtoto, Januari 1649 akatoroshwa usiku akiwa na miaka 10 hadi Saint-Germain, jumba halina hata vitanda vya kutosha, watu wakalala kwenye majani makavu. Hilo halisahauliki jamani.

Alipoanza kutawala mwenyewe 1661 akawatoa wakubwa kwenye baraza lake la juu, akaweka watu kama Colbert, mtoto wa mfanyabiashara wa Reims. Na kwangu mimi hapa ndo penyewe kuliko Versailles: magavana wa mikoa walibaki makabaila wenye majina yao, lakini kodi, kesi na usalama vikaangaliwa na maafisa aliowatuma yeye na anaoweza kuwatoa muda wowote, kwa hiyo mtu ana cheo kikubwa ila amri ya kweli inatoka ofisi nyingine.

Ndo 1682 akahamishia ikulu Versailles. Pensheni na vyeo vya jeshi vyote anagawa yeye, ukikaa kwako kijijini akiombwa jambo lako anasema huyo simwoni kabisa. Usiku akienda kulala anamtaja mmoja ashike kinara cha mshumaa, wengine wamesimama wanatazama, na mtu wa ukoo wa miaka mia kadhaa anaisubiri hiyo nafasi kwa hamu.

Kukubali walikubali kwa sababu walipata pia. Kodi kuu ya wakulima, taille, sehemu kubwa ya nchi hawakulipa, na kodi ya kichwa iliyowagusa na wao ilikuja 1695, vita vimeshakausha hazina.