Kula Dar es Salaam kwa Saa Yake

Wageni wanaofikia kwangu, na hata watu waliohamia jijini karibuni, huniuliza ni mgahawa gani mzuri Dar es Salaam, nami hurudisha swali: unataka kula saa ngapi? Sifanyi ubishi. Jiji lina hoteli za kutosha zinazopika kila kitu kuanzia asubuhi mpaka usiku, lakini chakula chake kitamu zaidi hupikwa na watu wenye kitu kimoja au viwili wanavyovijua vizuri, wanaopika kwa saa chache, kisha wakaosha masufuria na kwenda zao. Ukiwahi mno unakuta moto ndio kwanza unawashwa. Ukichelewa unapewa kilichopashwa. Ndiyo maana ushauri ninaoutoa hapa unafuata saa zaidi kuliko majina ya mahali, ingawa majina nayo yapo.

Asubuhi ni ya supu. Kuanzia saa moja hadi saa tatu, karibu kila kituo cha daladala kina banda la supu ya ng'ombe, ya mbuzi au ya makongoro, na mpishi mzuri huwa ameinjika sufuria usiku kungali, kwa sababu kongoro halilainiki kwa haraka. Supu nzuri huonekana nyepesi ndani ya bakuli lakini ikifika midomoni inanata. Isiyonata, iliyojaa harufu ya viungo vya pakiti, imeongezwa maji, na hilo hutokea zaidi kuanzia saa nne, pale wateja wanapokuwa wengi kuliko mifupa. Kamulia ndimu, weka pilipili kidogo kwanza maana pilipili mbuzi ya kupondwa haina mzaha, na uagize chapati mahali ambapo unamwona mtu akisukuma chapati hapo hapo. Chapati iliyoletwa kwenye ndoo kutoka kwingine huharibu hata supu njema.

Mchana ni wa mama ntilie, wanawake wanaopika na kuuza chakula mtaani, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo jiji lilipo hasa. Posta, Kariakoo, Mwenge, Ubungo, pembeni ya kila jengo linalojengwa, utawakuta wakiwa na majiko ya mkaa, mabenchi na mahotipoti makubwa yaliyofunikwa vitambaa. Chakula huwa tayari kati ya saa tano na nusu na saa sita. Mimi huenda saa sita kasoro, kabla ofisi hazijatoka, kwa sababu ikifika saa nane samaki wamekwisha, mboga imebadilika rangi, na kilichobaki ni wali na maharage tu. Sisemi kwamba wali na maharage ni chakula duni. Maharage yaliyoungwa kwa nazi yanaweza kumshinda kuku wa hoteli. Ila hutakuwa na la kuchagua.

Namna ya kumchagua mama ntilie ni kutazama walioketi. Banda lenye madereva wa bodaboda, wabeba mizigo na makarani wa benki kwenye benchi moja limepita mtihani ambao tangazo lolote haliwezi kuupita, kwa sababu watu hao hula hapo kila siku kwa fedha zao, na siku chakula kikiwaumiza hawarudi. Baada ya hapo tazama maji. Tangu mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015, wateja wengi hawakubali tena kunawa kwenye beseni moja la watu wote; mpishi makini ana ndoo yenye koki na sabuni, na vyombo vyake huoshwa kwa maji yanayobadilishwa. Kachumbari ambayo imekaa wazi tangu asubuhi naiacha, hata kama mpishi ni rafiki yangu. Chakula kinachotoka jikoni kikifuka moshi hakinitii wasiwasi.

Sahani yenyewe ina utaratibu wake. Wali hupimwa kwa bakuli na kupinduliwa sahanini, ukasimama kama kichuguu. Pembeni huwekwa maharage kijiko kimoja, mchicha au matembele, kisha juu yake mchuzi wa nyama rosti au kipande cha samaki wa kukaanga. Kwa bei ya sasa sahani kama hiyo ni kati ya shilingi 2,000 na 4,000, kutegemea mtaa na kitoweo. Harufu ya mchele wa Kyela utaitambua kabla hujakaa, na ukiikuta mahali, kamata hapo hapo. Siku ya kisamvu cha nazi na karanga, achana na nyama, agiza ugali. Usione aibu kuomba uongezewe mchuzi au maharage, mradi uombe kwa heshima: ukifika na "shikamoo mama" kabla ya kutaja unachotaka, kipande chako cha samaki mara nyingi hutoka sehemu ya katikati, si mkiani. Mteja wa kila siku hana haja hata ya kuagiza. Na ukishamaliza, inuka. Benchi si mahali pa kusomea simu wakati wenzako wamesimama juani.

Kwa anayetaka samaki kwa dhati, mahali ni Feri, soko la samaki la Magogoni, jirani na kivuko cha Kigamboni. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 yakaweka kituo cha mwisho Kivukoni, kwa hiyo hata mtu wa Kimara anafika bila kugombana na foleni. Boti huingia asubuhi, samaki hupigwa mnada sakafuni, na wachuuzi huanza kuondoka na ndoo zao wakati wengine mjini bado wanapiga mswaki. Si lazima ununue kwa mnada wala upike mwenyewe. Nunua kwa mchuuzi samaki mmoja au fungu, mpe kijana wa kupara amtoe magamba na utumbo, kisha mpeleke kwa wakaangaji wenye makarai makubwa upande wa kukaangia, nao watakutoza ujira wa moto na mafuta. Mgeni sokoni hawezi kujificha kwa muda mrefu. Wauzaji watamjua, kwa hiyo uliza bei kwa watu watatu kabla ya kutoa pochi.

Mkaguo wa samaki ni mwepesi. Jicho liwe limetuna na linang'aa, mashavu ya ndani yawe mekundu, na ukimbonyeza nyama irudi. Changu ndiye ninayempenda kwa kukaanga, kwa sababu ngozi yake hukauka vizuri na nyama inabaki na maji. Kibua ni wa bei nafuu na mtamu akiwa mbichi sana, lakini akilala siku moja tu utamjua. Nguru na jodari nawaachia wanaopika mchuzi wa nazi nyumbani.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni kwamba meza ya Feri inafuata mwezi na upepo. Wavuvi wa dagaa na vibua huvua usiku kwa taa, na kukiwa na mbalamwezi mwanga wa taa zao hauvuti samaki kama usiku wa giza, hivyo siku za mwezi mpevu samaki hao huadimika na bei kupanda. Kinyume chake, siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali na watu hutembea juu ya miamba wakitafuta pweza. Upepo wa kusi nao, hasa Juni hadi Agosti, huwafungia ufukweni wenye vyombo vidogo. Kwa hiyo nikipokea mgeni mwezi mpevu ninaacha habari ya vibua na kumpeleka jioni kwenye pweza.

Pweza huuzwa barabarani kuanzia magharibi: Kariakoo, Magomeni, Msasani, na pembeni ya vituo vingi vya uswahilini. Muuzaji ana meza ndogo yenye vipande vya pweza, ngisi na pengine kamba, taa moja, na sufuria ya supu juu ya jiko. Unachagua mkia, yaani mkono mmoja wa pweza, anaukata vipande vidogo kwa kisu chembamba, anakupa kijiti cha kuchomea na kibakuli cha pilipili ya kuchovya, kisha anakuchotea supu ya kijivu kwenye kikombe. Watu wana imani zao kuhusu supu hiyo, hasa wanaume, na mazungumzo ya mezani hapo nisingeyaandika hapa. Mimi nakwenda kwa ladha. Pweza aliyechemshwa vizuri hukatika kwa meno bila kuvutana. Akivutana, maliza kipande ulichonacho na uage kwa adabu.

Kati ya mchana na usiku kuna saa ya chai, ambayo naona haithaminiwi inavyostahili. Mitaa ya Kisutu na Upanga, ambako familia za asili ya Kihindi zimeishi kwa vizazi, saa kumi alasiri hutoa bagia, kachori, kababu na katlesi zikitoka mafutani, pamoja na chai ya maziwa yenye tangawizi. Huko huko utapata urojo uliokuja na watu wa Zanzibar: rojo la njano lenye uchachu wa embe au ndimu, viazi, bagia, kachori, chatini ya nazi, na chipsi nyembamba za muhogo zinazomwagwa juu mwishoni. Ule mara moja. Urojo wa kubeba nyumbani hufika umelowa, na chipsi za muhogo zikishalowa hakuna kilichobaki cha kutafuna.

Usiku una mambo mawili. La kwanza ni kuku wa kuchoma wa mgahawa wa Mamboz, kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, ambako meza hupangwa nje jioni na moshi wa mkaa huonekana kabla hujaona kibao. Watu wengi huenda kwa ajili ya kuku wa sekela, mwenye uchachu na pilipili. Nenda saa moja usiku, kabla familia hazijajaa, na uwaombe wachome wako upya badala ya kukupa aliyekuwa pembeni ya moto.

La pili ni chipsi mayai, ambayo vijana wanaiita zege, na ambayo ipo kila mtaa hivyo sina haja ya kutaja banda. Kinachotofautisha banda na banda ni mafuta na kabati la kioo. Mafuta meusi yenye povu yamechoka, pita. Chipsi zilizorundikwa kwenye kabati tangu alasiri zitalowa zikikutana na yai, kwa hiyo simama banda ambalo karai linachemka wakati huo, kwa kawaida kati ya saa moja na saa tatu usiku. Mpishi anayejua kazi hutandaza chipsi kwenye kikaango, anamimina mayai yaliyopigwa, anasubiri ukingo ukauke, kisha anafunika kwa sahani na kugeuza mara moja. Anayekorogakoroga kwa kijiko anakupa kitu kingine kabisa. Ongeza mishkaki miwili, na kachumbari kama imekatwa mbele yako.

Siku za wiki nazo zina sauti yao. Ijumaa baada ya sala, pilau na biriani hupatikana hata kwa wasiopika wiki nzima, na biriani iliyobaki hadi jioni mara nyingi ni tamu zaidi kwa kuwa masala yamekolea. Huo ndio msamaha pekee ninaoutoa kwa chakula cha kupashwa. Mwezi wa Ramadhani ratiba yote hupinduka. Mabanda mengi ya mchana hufungwa au hujifunika mapazia, na kuanzia saa kumi meza za futari hujipanga barabarani zikiwa na mihogo na magimbi ya nazi, viazi vitamu, tambi, kaimati na uji wa pilipili manga. Hata asiyefunga anaweza kununua, ila asubiri adhana ndipo ale mbele za watu.

Jumapili katikati ya mji hupoa na mama ntilie wa Posta hawapo, kwa hiyo usihangaike huko. Wanaokula kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, wana maskani yao Sinza na Kijitonyama, ambako nyama huagizwa kwa kilo pamoja na ndizi za kukaanga, na subira ya dakika arobaini ni ya kawaida. Ukiletewa baada ya dakika kumi, uliza ilichomwa kwa ajili ya nani. Wengine huenda Coco Beach, kando ya Barabara ya Toure, kula mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa katikati na kujazwa chumvi, pilipili na ndimu, pamoja na mishkaki na dafu. Fika saa kumi, kabla magari hayajafungana barabarani. Beba noti ndogo ndogo, kwani si kila muuzaji ana lipa namba na chenji ya elfu kumi kwa muhogo wa elfu moja ni kazi kuipata. Muhogo wenyewe chagua ule ambao bado unaelea kwenye mafuta, umngoje muuzaji autoe, hata kama anakusisitiza uchukue wa kwenye sinia.