Grupu inakataa kuwaka

Swali: Papa fundi, niko hapa Birere, Goma, grupu (jenereta) yangu ya esansi nikivuta kamba inakuja nyepesi tu, bujii ni mpya lakini haiwaki. Ni nini?

Jibu: Ndugu yangu, kamba nyepesi njo kusema kompresio (ile hewa yenye kubanwa ndani ya silinda) inatoka, na mara mingi ni supapu (vile vifuniko vya kuingiza hewa na kutoa moshi). Usikimbilie kununua pistoni! Moteri ikiwa baridi, pistoni juu kabisa na supapu zote mbili zimefungwa, pima nafasi zake (ule upenyo kati ya supapu na kile chenye kuisukuma), ukifata kitabu cha moteri yako. Kama ziko sawa, toa kichwa cha moteri, sugua supapu mu kikalio chake na dawa yake ya kusugulia mpaka alama ya kijivu izunguke pande zote, osha sana sana (ile dawa inakula silinda), kisha rudisha supapu, mwaga esansi kidogo mu tundu za hewa na moshi, isipovuja rudisha kichwa na joini mpya.