Kushinda njaa hakukaushi pampasi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 44, naishi Sakina. Uzazi wa mwisho nilichanika vibaya, tangu hapo haja kubwa inaniponyoka, nikitoka navaa pampasi ya watu wazima. Naimba kwaya. Ili nisiaibike Jumapili, Jumamosi yote sili. Wiki nzima choo ni kigumu, halafu katikati ya ibada kinatoka kama maji. Vidonge vya kuzuia kuharisha vinanizidishia. Nile nini? – Mama Kwaya, Arusha*

Marahaba mwanangu. Hiyo funga ya Jumamosi iache wiki hii hii. Kinachotoka Jumapili ni chakula cha siku 2 au 3 nyuma, kwa hiyo unajitesa bure.

Kwa maelezo yako, inaelekea huharishi, umefunga choo. Kinyesi kikikaa sana, utumbo unakifyonza maji, kinakauka na kuziba njia. Kile chepesi kilichoko nyuma yake hupenya pembeni, ndicho kinachokukuta ukiwa umesimama na sauti ya pili. Ukimeza vidonge, unazidi kufunga.

Mtu mzima anahitaji nyuzinyuzi zisizopungua gramu 25 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina zaidi ya gramu 10, nusu parachichi kama 6. Rudi kwenye dona, ule na mnafu na papai. Mtori sikunyimi, ila ndizi mbichi hukaza choo, upunguze kwa sasa. Ongeza maharage taratibu, maana gesi haina adabu kanisani. Na maji unywe. Ukijinyima, choo kinakuwa jiwe na mkojo mkali unakuchoma ngozi.

Halafu kuna saa ya kula. Utumbo mkubwa huamka tukishakula, hasa asubuhi, na kahawa huuchochea zaidi. Basi amka saa 11 alfajiri, kunywa uji, papai kipande, kahawa yako. Baada ya nusu saa nenda chooni. Kama ni cha kukalia, weka miguu kwenye kigoda magoti yapande juu ya nyonga, kaa dakika 10, usijikamue. Fanya hivyo kila siku, hata Jumanne usipotoka, utumbo uzoee. Kahawa ya kukaribishwa kabla ya ibada ikatae.

Ukichafuka, badilisha papo hapo, osha kwa maji, kausha bila kusugua, paka mafuta ya mgando kidogo tu. Yakiwa mengi pampasi hainyonyi.

Lakini papai halishoni msuli. Nenda hospitali ya Mount Meru wakupime: choo kilichoziba huenda kikataka dawa kwanza, kabla hujaongeza hayo maharage, na mchaniko wa zamani una mazoezi yake, mwingine hushonwa hata baada ya miaka. Ukiona damu, ukikonda bila sababu au ukipata ganzi sehemu za siri, usingoje. Ukifika kwa daktari, anza na habari ya uzazi ule. Ya chakula ifuate.