Usilipie hiyo kamshafti: injini ya barabarani hupangwa kuanzia tairi la nyuma

Mkuu, usibonyeze kitufe cha malipo. Umeandika kwamba una Chevrolet Nova ya 1972, injini 350 (inchi za ujazo) ya kiwandani, gia boksi ya otomatiki TH350 na konveta yake ileile (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi), difu ya uwiano wa 3.08. Juu ya vyote hivyo unataka kuweka kamshafti ya digrii 244 (shafti inayofungua valvu; digrii ndizo muda ambao valvu hukaa wazi), manifoldi ya kuingizia hewa ya chumba kimoja na kabureta ya 750 (futi za ujazo za hewa kwa dakika). Halafu unasema gari ni ya kwendea kazini hapo Columbus na kuwatoa watoto Jumamosi. Hapana. Hedi na pistoni tunaweza kubishana mwezi mzima, lakini kwenye hiyo kamshafti sina ubishi na mtu.

Orodha hiyohiyo, karibu kitu kwa kitu, niliuziwa mimi hapa Dallas kwa ajili ya Chevelle ya 1971. Muuzaji wa vipuri aliniuliza swali moja tu: nataka mlio wa namna gani? Hakuuliza uzito wa gari, wala difu, wala kimo cha tairi. Akanipigia stori ya Chevelle SS ya 1970 yenye LS6, farasi 450, kana kwamba yangu na ile ni ndugu wa tumbo moja. Hakusema kuwa LS6 ni injini ya inchi za ujazo 454 yenye mgandamizo wa 11.25 kwa 1. Hakusema kuwa mwaka 1971 General Motors ilishusha mgandamizo wa injini zake ili zikubali petroli ya okteni ndogo, na kwamba 350 yangu, kama hiyo yako, ilizaliwa na 8.5 kwa 1. Mtu anayeshinda nyuma ya kaunta ya vipuri vya Chevrolet anayajua hayo. Alikaa kimya kwa sababu ukishachukua kamshafti kubwa lazima urudi kununua vingine. Mpaka leo nikimfikiria napandwa na hasira.

Sikiliza inavyokuwa. Digrii 244, zikipimwa tapeti (kipande kinachosukumwa na kamshafti) ikiwa imenyanyuka inchi 0.050, maana yake valvu ya kuingizia hewa inachelewa sana kufunga. Pistoni imeshaanza kupanda na valvu bado iko wazi. Injini ikizunguka kwa kasi hakuna neno, kwa sababu hewa inaingia na mwendo wake na inaendelea kujaa hata pistoni ikipanda. Ikizunguka polepole, pistoni inairudisha hewa kwenye manifoldi. Kwa hiyo ule mgandamizo wako mdogo wa 8.5 unazidi kupungua pale pale unapouhitaji, yaani kuondoka kwenye mataa. Kamshafti ya namna hiyo kwenye 350 huanza kuamka kati ya mizunguko 2,500 na 3,000 kwa dakika. Konveta ya kiwandani inaanza kushika kwenye 1,700 hivi. Hapo katikati huna injini. Unakanyaga mafuta, gari inakohoa, inajivuta, na Corolla ya jirani imeshavuka.

Lakini uzembe wa kuondoka si kitu. Kilichonitisha mimi ni breki. Valvu za kuingiza na za kutoa zikikaa wazi pamoja muda mrefu, injini ikiwa sailensi (inazunguka bila kukanyagiwa mafuta) haivuti hewa vya kutosha kwenye manifoldi, na haidrovaki (kisaidizi cha breki) inategemea mvuto huohuo. Pedali inakuwa ngumu. Wakati huohuo umelazimika kupandisha sailensi ili injini isizimike, na konveta ya kiwandani kwa sailensi hiyo inaisukuma gari mbele ukiwa kwenye D. Yaani gari inataka kwenda, na breki haina msaada. Nimesimama hivyo kwenye foleni ya I-35, joto la Agosti, mguu unatetemeka, watoto wakiwa kiti cha nyuma. Sitaki mtu mwingine apitie hayo kwa sababu ya mlio.

Halafu bili. Nikaambiwa dawa ni konveta inayoshika juu zaidi. Ikaja, joto la mafuta ya gia boksi likapanda, ikabidi kuongeza kipoza mafuta. Nikaambiwa difu 4.10. Chukua hesabu: maili kwa saa, mara uwiano wa difu, mara 336, gawanya kwa kimo cha tairi kwa inchi. Tairi la inchi 26, maili 65, difu 3.08 ni kama mizunguko 2,600. Kwa 4.10 ni karibu 3,450, kwa sababu TH350 haina gia ya kupumzikia (overdrive). Safari ya saa mbili unashuka masikio yanavuma. Kisha wakaanza kunipigia debe la pistoni za mgandamizo mkubwa, na hapo nikafunga pochi. Kamshafti ya dola mia na kitu ilikuwa imeshakula maelfu.

Sasa kanuni, na hii ishike: anza kwenye tairi la nyuma uje mbele. Tairi, difu, konveta, mgandamizo, hedi, ndipo kamshafti, na kamshafti iwe ndogo kuliko moyo wako unavyotaka. Kwa gari yako kama ilivyo sasa, digrii 218 au chini kidogo kwenye 0.050, manifoldi ya vyumba viwili, basi. Hiyo inavuta kuanzia 1,500, haidrovaki inapata haki yake, na utacheka kila ukitoka kwenye mataa. Ukitaka zaidi, pesa peleka kwenye hedi. Hedi za Vortec za 1996 na kuendelea zina vyumba vya kuwakia vya cc 64, vidogo kuliko vya kwako, kwa hiyo zinakupandishia mgandamizo. Ila manifoldi yake ni tofauti, na springi zake za kiwandani hazitaki kamshafti inayonyanyua sana.

Kabureta: inchi za ujazo mara mizunguko ya juu, gawanya kwa 3,456. 350 kwa 5,500 inakupa 557. Ya 600 inatosha.

Kama kamshafti ni ya tapeti bapa, tumia oili yenye zinki ya kutosha, na ikiwaka mara ya kwanza ishikilie kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika ishirini bila kuiacha ishuke sailensi. Ukizembea hapo unaila kamshafti siku hiyohiyo.

Kabla hujaagiza chochote, weka hapa kimo cha tairi, herufi zilizogongwa kwenye bomba la difu upande wa abiria, na namba ya hedi iliyo chini ya kifuniko cha valvu. Tutakupigia hesabu.