Pawatila ya Zabibu na GPS ya Simu

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nina ekari nne za zabibu Hombolo, na mistari imeachana mita 2.5. Fundi mmoja wa mjini ameahidi kuigeuza pawatila yangu iwe trekta dogo la umeme linalopalilia bila dereva, likiongozwa na GPS ya simu. Anataka nusu ya fedha kwanza. Nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe.

Swali hili huletwa kwangu karibu kila msimu wa palizi, na kila mara kinachonikera ni hiyo simu. GPS ya simu, hata mahali penye anga wazi kama Hombolo, huweza kukosea kwa takriban mita 5, na katika shamba lako mita 5 ni mistari miwili kando. Mashine yenye upana wa mita 1.2 ikipita katikati ya mistari yako hubakiwa na sentimita 65 tu kila upande, na hapo bado sijahesabu matawi yaliyoning'inia wala nguzo zilizoinama.

Mashine zinazofanya kazi hii kweli, kama Bakus na Ted katika mashamba ya mizabibu ya Ufaransa, hutumia mfumo wa RTK: antena ya kituo kilichosimikwa mahali panapojulikana hupima makosa ya mawimbi ya setilaiti, kisha hutuma masahihisho kwa redio au intaneti hadi kwenye mashine, na kosa hushuka hadi sentimita chache. Masahihisho yakikatika, mashine iliyoundwa sawasawa husimama. Wenye miembe wajue kwamba chini ya majani mazito hata mfumo huo huyumba, ndiyo maana huongezewa kamera au vipimo vya leza.

Kuhusu umeme, paneli moja ya wati 400 ikipata saa tano za jua kali haitoi zaidi ya kilowati-saa 2 kwa siku. Betri ya kilowati-saa 20 itahitaji paneli kumi ili ijae kwa siku moja, kwa hiyo anayekuambia kwamba paneli moja juu ya boneti inatosha hajapiga hesabu.

Lakini linaloniondolea usingizi ni breki. Niliwahi kuitwa kwenye shamba moja upande wa Mpunguzi ambako mashine ya namna hii ilikuwa imelaza nguzo sita na kukata mizabibu iliyokwisha kuzaa. Nilipofungua bampa la mbele nilikuta nyaya mbili za swichi ya kugusia, ile inayoisimamisha mashine bampa likigusa kitu, zimechunwa, zikasokotwa pamoja ili isizime tena, na kuzungushiwa utepe mweusi. Fundi alieleza kwamba swichi ilikuwa "inazima-zima". Ilikuwa ikizima kwa sababu ilikuwa ikigusa vitu! Katika mashamba yetu watoto hupita na mbuzi huingia, na mtu anayeondoa kinga hiyo ili mashine isimsumbue hafai kuitwa fundi, hata awe na wateja wangapi.

Akikurudia, mwambie aiwashe mashine aliyokwisha kuiunda, itembee, kisha achomoe antena mbele yako. Halafu asukume bampa kwa mti mrefu, na mwisho abonyeze kitufe chekundu, ambacho lazima kikate umeme wa mota moja kwa moja bila kupitia programu. Mara zote tatu mashine isimame papo hapo. Isiposimama hata mara moja, rudi nyumbani na fedha yako.